MAMBO YA NYUMBANI: Maski ya Uso na Ngozi Inayoifaa

Wasomaji wetu wa Meru na Embu, juma hili twapenda kuzungumza nanyi habari ya uso. Huenda bwana mmoja aliyeketi kivulini mwa migomba yake huko Runyenjes akasema moyoni, “Hayo ni mambo ya akina mama, mimi natafuta bei ya kahawa.” Twamwomba asifungue ukurasa mwingine upesi. Fedha inayonunua makopo ya dawa za uso hutoka katika kahawa ile ile, na ugonjwa unaoletwa na makopo mabaya hulipiwa na mfuko ule ule. Tena karani anayenyoa ndevu kila asubuhi ili aende ofisini ana ngozi ya kutunza kama alivyo nayo mkewe.

Tukisema maski ya uso hatusemi ile barakoa tuliyovaa puani na mdomoni mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Twasema kitu laini kinachokandikwa usoni, kikaachwa kwa dakika chache, kisha kikaoshwa kwa maji. Desturi hii si ngeni katika nchi yetu. Huko pwani, tangu zamani, wanawake husaga mti wa liwa juu ya jiwe, wakachanganya unga wake na marashi ya waridi na kujipaka usoni, na bibi harusi hupakwa kwa siku kadhaa kabla ya arusi. Huku kwetu mlimani wazee walijipaka mafuta na udongo mwekundu, na mafuta ya mbarika yalijulikana katika kila nyumba. Kwa hiyo tusidhani ya kwamba kutunza ngozi kumeletwa na maduka.

NGOZI YAKO NI YA NAMNA GANI?

Kama vile mkulima hapandi chai huko Kiritiri wala pojo juu kabisa karibu na msitu wa Mlima Kenya, vivyo hivyo haifai kupaka uso dawa kabla ya kuijua ngozi. Iko njia rahisi ya kuijua. Osha uso jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kitambaa safi, kisha usipake kitu chochote kwa muda wa saa moja. Baada ya hapo chukua karatasi nyembamba, kama karatasi ya shashi, uibandike usoni kidogo kidogo, utazame.

Ikiwa karatasi imepata mafuta kutoka kila mahali, paji la uso, pua, mashavu na kidevu, ngozi yako ni ya mafuta. Ikiwa haikupata mafuta popote, na uso wakaza kama ngozi ya ngoma, ngozi yako ni kavu. Ikiwa paji la uso, pua na kidevu vina mafuta lakini mashavu hayana, ni ngozi ya mchanganyiko, na watu wengi ni wa namna hiyo. Ikiwa uso huwasha, huchoma au hutoa vipele kila ubadilishapo sabuni, una ngozi nyepesi ya kuudhika, nayo yataka kutunzwa kwa hadhari kuliko zote.

Kumbuka pia mahali unapokaa na majira ya mwaka. Mtu wa Kibirichia au Timau, penye baridi na upepo, huona uso wake ukipasuka mwezi wa Julai. Mtu wa Ishiara au Siakago, katika nchi ya chini penye joto, hutoka jasho na kuingiwa na vumbi mwezi wa Februari. Huenda mtu mmoja akawa na ngozi ya mafuta wakati wa joto na kavu wakati wa baridi. Basi rudia jaribio la karatasi kila majira yabadilikapo.

MASKI ZA KUTENGENEZA NYUMBANI

Nchi yetu imebarikiwa vitu vingi vyema, na vingi vyafaa bila kwenda mbali kuliko shambani au sokoni.

Kwa ngozi kavu. Chukua robo ya parachichi lililoiva vizuri, uliponde kwa uma mpaka lisiwe na madonge, utie kijiko kimoja cha chai cha asali safi. Paka usoni, acha dakika kumi na tano, uoshe kwa maji ya uvuguvugu. Mafuta ya parachichi hulainisha ngozi, na asali huvuta maji na kuyashika. Asali ya Mbeere na Tharaka, inayorinwa katika mizinga ya magogo, yafaa sana, ila uichuje vizuri ili isiwe na nta na mabaki ya nyuki. Asali iliyochanganywa na sukari ya kuchemsha haina faida hii. Mara ukishaosha, paka mafuta yako ya kawaida ngozi ingali na unyevu kidogo, kwa kuwa maski peke yake haitoshi kuzuia ukavu.

Kwa ngozi ya mafuta. Udongo laini mweupe uitwao kaolini, unaouzwa katika maduka ya dawa na ya vipodozi, hunyonya mafuta ya juu ya ngozi. Koroga vijiko viwili vya chai na maji safi mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Paka tabaka jembamba, na uoshe baada ya dakika kumi, kabla haujakauka kabisa. Watu wengi hukosea hapo: hungoja mpaka udongo upasuke kama shamba la kiangazi, wakidhani ndipo dawa imefanya kazi. Udongo uliokauka kabisa hunyonya hata maji ya ngozi, na uso huwasha na kuwa mwekundu au mweusi zaidi. Nasi twaonya kwa nguvu: usichimbe udongo kando ya mto au mahali wanapopita mifugo ukajipaka. Katika udongo wa namna hiyo mna vijidudu, na hata vile vya pepopunda, navyo huingia kwa njia ya mkwaruzo mdogo usioonekana.

Kwa ngozi ya mchanganyiko. Hakuna sheria isemayo ya kwamba uso mzima upakwe kitu kimoja. Paka udongo mweupe juu ya paji la uso, pua na kidevu, na parachichi au asali juu ya mashavu. Ikiwa hilo ni taabu, tumia maziwa lala yasiyotiwa sukari wala rangi, vijiko viwili vya mezani, kwa dakika kumi. Maziwa hayo yana asidi nyepesi iliyotokana na kuganda kwake, nayo huondoa taratibu ngozi iliyokufa ya juu.

Kwa ngozi nyepesi ya kuudhika. Chukua vijiko viwili vya oti, zile za kupikia uji, uzisage ziwe unga laini, uchanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka kwa dakika kumi, uoshe bila kusugua. Oti hutuliza mwasho. Mwaka 2003 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliukubali unga laini wa oti kuwa kinga ya ngozi. Tango lililokunwa na kupozwa pia hutuliza. Mshubiri, ambao wengine huuita alovera, unafaa watu wengi, lakini lazima ujue kuutengeneza. Kata jani, ulisimamishe wima kwa robo saa ili majimaji ya manjano yachuruzike, uoshe, kisha utumie ule ute mweupe wa ndani peke yake. Majimaji ya manjano ni makali na huwasha ngozi.

Kwa uso wenye chunusi. Asali safi tabaka jembamba kwa dakika kumi na tano, mara mbili kwa juma, haina madhara kwa watu wengi, kwa kuwa huzuia vijidudu kidogo. Usitumie parachichi wala mafuta mazito, na usikamue chunusi. Lakini tuseme kweli: chunusi kubwa zenye maumivu na usaha haziponi kwa maski. Hizo zapasa kuonyeshwa kwa daktari mapema, kabla hazijaacha mashimo na makovu.

Kwa mabwana wanaonyoa. Vipele vya ndevu hutokea kwa sababu nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa chini sana ncha yake hurudi kuichoma ngozi. Maski ya oti iliyopoa, siku ambayo hukunyoa, hupunguza mwasho. Lakini dawa hasa ni kunyoa kwa kufuata upande zinakoelekea nywele, kutonyoa chini mno, na kutoazimana wembe na mtu yeyote, awe ndugu au rafiki.

KANUNI ZA KUTUMIA

Kwanza, nawa mikono na uso kabla ya kupaka. Maski juu ya vumbi la barabara ya Ishiara ni kama chokaa juu ya ukuta wa matope mabichi.

Pili, jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko cha mkono au nyuma ya sikio, ungoje siku moja. Pakiwasha au pakivimba, kitu hicho si chako, hata kama kimemfaa dada yako.

Tatu, usipake karibu na macho wala midomo, wala juu ya jeraha, mahali palipoungua, au penye vipele vyenye maji.

Nne, tengeneza ya mara moja tu. Parachichi, maziwa na tango huoza upesi. Kinachobaki kitupwe, kisiwekwe kabatini mpaka kesho.

Tano, mara moja kwa juma yatosha kwa ngozi kavu na nyepesi. Mara moja au mbili kwa ngozi ya mafuta. Kuzidisha hakuongezi uzuri. Ngozi ya mtu mzima hujibadili yenyewe kwa muda wa karibu mwezi mmoja, wala hakuna maski iwezayo kuiharakisha bila kuiumiza.

Sita, ikichoma, ioshe mara moja kwa maji mengi. Usisadiki neno la kwamba “kuchoma ndiko kufanya kazi.”

VITU VISIVYOFAA KABISA

Wako watu wanaopaka maji ya ndimu au limau ili kuondoa madoa. Ngozi ya mtu ina ukali kidogo tu, kiasi cha 5 katika kipimo cha asidi, na maji ya limau hufika karibu 2. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Zaidi ya hayo, ndimu ikiwa juu ya ngozi na jua likaipiga, ngozi yaweza kuungua na kutoka malengelenge, kisha ikaacha madoa meusi ya miezi mingi. Magadi ya kuokea nayo hukosea upande wa pili, maana huondoa kinga ya asili ya ngozi. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno. Sukari na chumvi zikisuguliwa usoni hukwaruza. Ute wa yai bichi hukaza uso kwa dakika chache tu, na yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha vikaingia mdomoni.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa watu weupe, na sababu yake ni hii. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ya asili iitwayo melanini, nayo ni kinga bora ya jua. Lakini ngozi hiyo ikiudhiwa, iwe kwa kuchomwa, kukwaruzwa au kukamuliwa, hujitetea kwa kutoa rangi zaidi pale pale. Hivyo mtu anayepaka ndimu ili aondoe doa moja huamka ana madoa matatu. Naye akiyaona huongeza ndimu. Basi kanuni kuu ya uso mweusi ni upole.

Tena tusisahau jua. Mstari wa ikweta wapita karibu na mji wa Meru, na kila mita 1,000 unazopanda, ukali wa miali ya jua huongezeka kwa kiasi cha sehemu 10 katika 100. Baridi ya mlimani hudanganya, kwa maana mtu haoni joto na kumbe jua lamchoma. Kofia pana shambani huzuia madoa kuliko maski yoyote. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, kofia, nguo za mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua ni jambo la kuokoa uhai, kwa sababu saratani ya ngozi huwapata kwa urahisi. Maski haiwakingi hata kidogo.

MAKOPO YA KUNG'ARISHA

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mtu aliyeanza na asali na parachichi asipoona uso wake ukibadilika rangi, huenda akashawishiwa kununua kopo au sabuni inayoahidi kumfanya mweupe kwa siku saba. Mara nyingi ni msichana anayekaribia arusi, na mara nyingi fedha hutolewa na mchumba au baba bila kuuliza kilichomo.

Katika vitu hivyo hupatikana sumu za namna tatu. Ya kwanza ni zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto tumboni, na taulo na mito ya nyumba huichukua pia, hata watoto wasiopaka wakapata. Ya pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa miaka huleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi mashavuni yasiyoondoka. Madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza ugonjwa huo mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Ya tatu ni dawa za steroidi, ambazo ni dawa za hospitali za magonjwa fulani, lakini wauzaji huzichanganya katika krimu. Siku za kwanza uso hung'aa na chunusi hutoweka, na jirani husifu. Kisha ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, nywele huota mahali pasipo pake, na mtu akiacha ghafula uso huvimba na kuwaka, hata akairudia krimu kama mlevi airudiavyo chupa.

Hapa Kenya, Shirika la Viwango lilitangaza marufuku ya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Mwaka 2013 mataifa yalifanya Mapatano ya Minamata juu ya zebaki, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako sumu hiyo iligunduliwa kwa watu mwaka 1956. Mwaka 2023 mataifa hayo yalikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Lakini sheria peke yake haikai mlangoni mwa kila duka, na makopo huvuka mipaka usiku. Kwa hiyo mnunuzi awe mlinzi wake mwenyewe. Soma maandishi yote ya kopo. Likiwa halina orodha ya vilivyomo, wala jina la aliyetengeneza, wala alama ya ubora, liache. Likiandikwa “mercury,” “mercurio,” “calomel” au “hydroquinone,” liache. Likiandikwa jina linaloishia kwa “-sone” au “clobetasol,” hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Likionya lisigusane na fedha, dhahabu au vyombo vya madini, jua ya kwamba huenda lina zebaki. Na krimu iliyochanganywa na muuzaji mwenyewe kwa kijiko nyuma ya duka isinunuliwe kamwe, hata kwa bei rahisi.

Ikiwa mtu wa nyumba yako ametumia vitu hivi muda mrefu, usimfokee wala usimcheke. Haya ndiyo huwafanya wengi wafiche mpaka figo zimeharibika. Mpeleke katika hospitali iliyo karibu, iwe ya Embu, Meru au Chogoria, pamoja na kopo lenyewe, ili daktari ajue la kufanya. Krimu za steroidi zisiachwe ghafula bila shauri lake.

Wazee walisema, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Kopo la kung'arisha lina picha nzuri nje, na ndani lina jambo la kujutia. Uso uliooshwa vizuri, ukakandikwa asali ya nchi yetu mara moja kwa juma, ukavikwa kofia wakati wa jua, hautabadilika rangi, na hilo si kasoro. Utakuwa laini, safi na mzima, nao utadumu hivyo mpaka uzeeni.

Basi, mabwana na mabibi, jioni ya Jumamosi hii jaribuni karatasi ya shashi, kila mtu na uso wake, mjue mlivyo kabla hamjanunua chochote. Na kabla ya Jumapili, bwana wa nyumba na atazame makopo yaliyo juu ya meza ya kioo, ayasome pamoja na mkewe na binti zao, polepole, neno kwa neno.